Jumatano za Mtoto wa Mfano

Wanawake wazee wenzangu hapa Kisangani wakikaa pamoja siku hizi huanza kulilia foyer. Ah, wakati ule wamama walifundishwa. Ah, watoto walikuwa wasafi. Ah, serikali ilijali familia, si kama sasa. Mimi nikiwasikia nainuka, nakwenda kuangalia sufuria jikoni hata kama moto haujawashwa. Wao walikaa nyuma ya ukumbi, wakasinzia, wakachekeana, wakarudi nyumbani. Mimi nilikaa mbele, na mtoto wangu alikaa juu ya meza. Kwa hiyo wasinifundishe mimi foyer ilikuwa nini.

Ilikuwa nyumba ya saruji katika commune ya Kisangani, wilaya yenye jina la mji wenyewe, bati juu, madirisha makubwa bila vioo, na kila Jumatano wake za wafanyakazi wa serikali tulikusanywa humo kufundishwa kulea watoto. Nasema tulikusanywa kwa sababu hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Mwanamke asipofika, kesho yake mume wake aliulizwa kazini: citoyen, mke wako anajiona ni nani? Mume wangu alikuwa karani kijana, mwoga wa kila mtu aliyekaa kwenye kiti kikubwa kuliko chake. Tulikuwa tumetoka Kindu mwaka ule ule tuliooana, hatukuwa na ndugu mjini, na kazi yake ndiyo iliyotupa nyumba. Basi nilikwenda. Nilikwenda na mimba, na baada ya kuzaa nikaenda na mtoto mgongoni wakati mwili wangu mwenyewe bado unauma.

Aliyetufundisha alikuwa mke wa chef, mkubwa wa kazi wa mume wangu. Wakati ule hapakuwa na madame wala monsieur, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, raia tu, kwa hiyo yeye tulimwita Citoyenne Animatrice, jina refu kwa mtu mfupi. Alikuwa amesomea mambo ya watoto Kinshasa na hakuacha tusahau. Alivaa kitambaa cha chama chenye uso wa Guide, rais wetu wa wakati ule, kifuani na uso mwingine makalioni, na kila alipokaa sisi wa mbele tulitazamana tukang'ata midomo. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuonyesha kidole. Watoto wake mwenyewe walilelewa na shangazi yake nyuma ya nyumba, na sikuwahi kumwona amebeba hata mmoja wao.

Sitaki kumnyima haki yake. Alitukataza kuwasukumia watoto maji ya pilipili kwa nyuma kila wakipata homa, na hapo alisema kweli, maana nimeona mwenyewe pilipili inavyofanya tumbo la mtoto. Alitufundisha kuchemsha maji. Hayo mawili nayashika hadi leo na wajukuu wangu wanayajua. Yaliyobaki yalikuwa soya. Soya kwenye uji, soya kwenye sombe ya majani ya mihogo, soya asubuhi na jioni, na mifuko ya unga wa soya tuliyogawiwa tuliwamwagia bata.

Somo halikuanza bila animation. Vijana wa chama waliingia na ngoma zao, tukasimama, tukaimba, tukapiga makofi na kutikisa viuno kumshukuru Guide kwa afya ya watoto wetu, ndipo tukakaa kuambiwa jinsi ya kumwosha mtoto masikio. Chini ya bati lile ngoma zilikuwa kitu kibaya. Kifua chako chenyewe kilitetemeka. Watoto wote waliangua kilio kwa wakati mmoja, wamama wakawatolea matiti ovyo huku wakiendelea kucheza, na Citoyenne Animatrice akakunja uso kwa sababu kilio cha watoto kilimharibia wimbo.

Mwanangu hakulia.

Alizaliwa mkubwa na akaendelea kuwa mkubwa. Kwetu Maniema, upande wa Kindu, mtoto anapewa uji wa mchele akianza kushika kijiko, na mimi mchele nilikuwa natumiwa na mama yangu kwa treni na kwa boti, kwa hiyo nilimpa bila kuhesabu. Siku moja Citoyenne Animatrice alimtundika kwenye mzani uliofungwa darini, mzani wa kulabu, mtoto akining'inia ndani ya suruali ya turubai, akasoma, akasoma tena, halafu akamnyanyua juu kwa mikono miwili ili wote waone.

"Citoyennes, angalieni muzuri. Huyu njo mutoto ya mfano. Soya njo imemufanya vile."

Mchele wa mama yangu sikuutaja. Ungesema nini? Mume wake alikuwa anasaini kila kitu kilichotuhusu: nyumba, likizo, hata karatasi ya matibabu ambayo bila hiyo hospitali haikupokei kama mtu wa serikali. Toka siku hiyo mwanangu akawa kifaa cha foyer. Kila Jumatano aliwekwa mezani, akavuliwa, akaogeshwa mbele ya wanawake, akafutwa, akapakwa mafuta, akalishwa uji na mkono wa Citoyenne Animatrice aliyejua kulisha mtoto mbele ya watu tu. Mimi nilisimama pembeni na taulo. Wamama wakanichukia, na walikuwa na haki. Wakaniita Mama Mfano. Kwenye robine ya maji ndoo yangu ilisogezwa nyuma kila nikigeuza macho.

Lakini sifa kubwa haikuwa kilo. Ilikuwa utulivu. Ngoma zikipigwa, watoto wengine wakipiga kelele mpaka wanatapika, wangu alikaa pale mezani anatazama mikono ya wapiga ngoma, anacheka, ananyoosha kidole. Au alilala. Alilala usingizi mzito, mdomo wazi, huku bati linatetemeka. Citoyenne Animatrice akamtolea somo zima.

"Munaona? Mutoto mwenye kulelewa na fujo anaogopa fujo. Huyu iko na nidhamu. Nidhamu inaanza ku titi ya mama."

Nilivimba kichwa, kwa nini niseme uongo. Nilikuwa msichana tu, mbali na kwetu, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye cheo alisema kwamba nimefanya kitu vizuri. Nilimkata jicho kila mama aliyekuwa anahangaika na mtoto wake analia. Nilifikiri kweli kwamba titi langu lina nidhamu.

Jirani yangu ndiye aliyenivunjia furaha hiyo. Alikuwa mwanamke wa Yanonge, mke wa dereva wa biro, ofisi ile ile ya mume wangu, na aliuza samaki wa kukausha walioletwa na kaka zake kwa mtumbwi. Mdomo wake haukuwa na breki. Mchana mmoja kwenye robine, watu wamejaa, mwanangu amekaa chini anachezea udongo, karibu anatimiza mwaka, yule mwanamke akaja nyuma yake polepole na beseni la chuma na jiwe. Akapiga. Sote tuliruka. Hata kuku waliruka. Mwanangu aliendelea kuchimba udongo wake.

"Mama Mfano," akasema, na alikuwa anacheka, sitamsamehe kicheko kile, "mutoto yako hasikii. Munamupigiaka ngoma ya bure. Iko kiziwi."

Wamama wakacheka. Si wote, lakini waliotosha. Nikammwagia maji ya ndoo yangu nzima usoni, naye akanishika nywele, tukatenganishwa na kanga zimefunguka. Nilimwambia mambo juu ya mama yake na samaki wake ambayo siwezi kuyaandika. Baada ya hapo tulikaa nyumba kwa nyumba bila salamu. Alikuwa amesema kweli, na bado nasema aliisema kwa ubaya, ili nianguke mbele ya watu.

Nilifika nyumbani nikafunga mlango. Sikumjaribu mwanangu siku ile, wala kesho yake. Niliogopa. Halafu alasiri moja mvua ya Kisangani ikashuka, ile isiyoomba ruhusa, radi zikapasuka juu ya nyumba mpaka sahani zikagongana kwenye kabati. Yeye alikuwa amekaa mkekani amenipa mgongo. Nikamwita jina lake. Nikaliita tena kwa nguvu. Radi ikapiga, mimi mwenyewe nikajikunja, yeye akageuza ukurasa wa gazeti la baba yake na kuutia mdomoni. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaubwaga kwenye saruji nyuma ya mgongo wake. Hakuna. Nikamsogelea, kivuli changu kikampita, ndipo akageuka akaniona na kufurahi, akainua mikono abebwe. Nilimbeba nikalia na yeye akanishika machozi kwa vidole, anayachunguza.

Leo ni mwanamume mwenye ndevu, fundi wa baiskeli, ana mke na watoto wanaosikia kila kitu hata wasichotakiwa kusikia. Nasema hivi ili msikae mnamwonea huruma. Hahitaji. Hasira yangu ni juu ya mwaka ule, na mwaka ule ni wangu.

Mume wangu aliporudi nilimwambia. Alivua viatu kwanza.

"Watoto wanaume wanachelewaka kusema," akasema.

"Sisemi juu ya kusema. Nasema juu ya kusikia. Muite."

Hakumwita. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba mtu alikuwa na mtoto wake hapo mbele yake na jina moja la kuita, na hakuthubutu. Akaniambia nisilete maneno. Akaniambia chef amemtaja vizuri mara mbili kwa sababu ya mtoto wa mfano, na kwamba kuna nafasi ya secrétaire, katibu, itakuwa wazi. Nilimuuliza kama atamnunulia mtoto masikio kwa mshahara wa secrétaire. Tulilala tumepeana migongo.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: karatasi ya matibabu, isainiwe na chef, ili daktari amtazame mwanangu. Sikujua daktari angefanya nini. Nilidhani labda kuna uchafu ndani ya sikio, labda kuna dawa, labda sindano. Nilijua tu kwamba mtoto wa mwaka mmoja kwetu anaanza kuita mama, anaita bata, anaita maji, na wangu alikuwa anatoa sauti moja tu ya koo, hiyo hiyo kwa kila kitu. Watoto wa robine waliomfuata kwa umri walikuwa wanampita.

Nikasubiri Jumatano. Somo lilipokwisha nikabaki nyuma, nikakunja taulo polepole mpaka wote wametoka. Citoyenne Animatrice alikuwa anajifuta jasho shingoni.

"Mama," nikasema, halafu nikajirekebisha, "Citoyenne, mutoto hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii kitu. Naomba karatasi ya hospitali."

Alinitazama. Halafu alimtazama mtoto, aliyekuwa anamchekea. Naapa niliona kwamba anajua. Si kwamba alifahamu pale pale. Alijua zamani, kwa sababu mtu aliyesomea watoto, anayemlisha mtoto yule yule kila wiki na kumwongelesha, lazima amejua. Aliweka kitambaa cha jasho chini.

"Mutoto huyu anapita wote na kilo. Anakula, analala, anatembea sasa. Alors, ni nini inamupungukia?"

"Masikio."

"Bon. Sikiliza. Wageni wanakuja toka Kinshasa. Wanakuja kuona foyer yetu, na wanakuja kuona huyu. Nitawaambia nini? Mutoto ya mfano iko mugonjwa? Ngojea. Wageni wakiisha kwenda, nitaongea na bwana, atasaini karatasi yako. Mbele ya ile, hata neno moja. Kwa mutu yeyote. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Niliondoka na ahadi hiyo nikaibeba kila mahali. Wageni walisogezwa mbele, wakasogezwa tena. Mara ndege haikuja, mara mkubwa ana shughuli. Miezi ikaenda. Kila Jumatano mwanangu alipanda mezani, sasa ana meno, sasa anakimbia, na kila Jumatano ngoma zilipigwa na yeye akasifiwa nidhamu. Nilisimama na taulo langu, meno yamebanana. Nilimchukia yule mwanamke. Nilijifunza kumchukia huku naitikia nyimbo.

Siku ya wageni ilifika katika joto baya. Tangu asubuhi tulipangwa kwa safu, kitambaa kipya cha chama mwilini, watoto wameoshwa mpaka wanang'aa. Kambi ya Kapalata ilikuwa imetoa ngoma kubwa na askari wa kuipiga, na Citoyenne Animatrice alikuwa ameipanga kwenye kona karibu na meza. Wageni walichelewa. Mwanangu alikula uji, akacheza na miguu ya meza, akachoka, na nilipompandisha juu ya meza kwa amri alijinyoosha akalala pale pale, shati lake jeupe limejaa jasho.

Wageni wakaingia wakati jua liko katikati ya kichwa, wanaume wa abacost, suti za serikali zisizo na tai, na mwanamke mmoja mwenye miwani, mkubwa wao akiwa mtu mnene mwenye fimbo. Animation ikaanza. Ngoma zote, ile ya kambi pamoja. Sijasikia kelele ya namna ile tena maishani. Watoto walilia, na safari hii hata wamama wengine walifunika masikio. Mwanangu alilala. Mkubwa wa wageni akamwona, akaonyesha kwa fimbo, akamwinamia jirani yake akisema kitu.

Hapo Citoyenne Animatrice akaona bahati yake. Akanyamazisha nyimbo kwa mkono. Akamwita yule askari alete ngoma kubwa hadi kwenye meza, karibu na kichwa cha mwanangu.

"Citoyens, hii njo matokeo ya masomo. Mutoto mwenye kulelewa vile tunafundisha, hana woga. Piga."

Askari alisita. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Piga."

Akapiga. Mwanangu alivuta mkono wake chini ya shavu akaendelea kulala. Wageni wakapiga makofi wamesimama. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na watu wa biro, na yeye akapiga makofi. Nilimwona. Mimi nilikaza roho. Nilijiambia: karatasi. Ngojea karatasi. Kesho kutwa atasaini. Nilikuwa na uwezo wa kuvumilia hata hilo, nawaambia kweli, ningevumilia na ningerudi nyumbani kimya.

Lakini mgeni mkubwa akauliza, kwa upole tu, kama mtoto huyu amewahi kuugua.

"Hata mara moja," akajibu Citoyenne Animatrice. "Mutoto huyu hajui hospitali, na hataijua. Bwana yangu hajawahi kumusainia karatasi, na hatamusainia. Njo maana ya foyer."

Alisema mbele ya wageni, mbele ya mume wake mwenyewe aliyekuwa amekaa kando ya fimbo ile na kutikisa kichwa kukubali. Nikaelewa. Baada ya maneno yale hakuna kalamu ingetia saini. Si kesho kutwa, si mwaka kesho. Alikuwa amenidanganya tangu mwanzo, au alikuwa amesahau, na sijui lipi ni baya zaidi.

Niliacha taulo lianguke.

"Huyu mutoto hana nidhamu," nikasema. "Hasikii. Iko kiziwi, na huyu mwanamuke anajua."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Citoyenne Animatrice alicheka, akawaambia wageni kwamba mama huyu wa Maniema amechoka na joto, kwamba ana kiburi cha kusifiwa. Mwanamke mwenye miwani hakucheka. Akasema, basi Citoyenne amwite. Ni jambo rahisi. Mwamshe, mwite.

Nilimgusa mwanangu mguuni akaamka. Nikamkalisha anitazame mimi. Citoyenne Animatrice alisimama nyuma yake, akarekebisha kitambaa kichwani, akamwita jina lake kwa ile sauti tamu ya somo. Mtoto alinitazama mimi, anasugua macho. Akaita tena, na utamu umepungua. Akaita kwa ukali.

Halafu nyuma kabisa mtu akaita jina lake. Ilikuwa sauti ya jirani yangu, yule wa Yanonge. Haikuwa na kicheko safari hii. Mama mwingine akaita. Kisha wengine, wale walionichukia, wale waliosogeza ndoo yangu, wamesimama na watoto wao mikononi, wote wanaita jina moja, wanaita kwa nguvu, wengine wanalia wakiita, ukumbi mzima unamwita mwanangu kama wanamwita atoke kwenye maji. Naye alikaa mezani anatazama mdomo wangu peke yake kwa sababu ndio uliokuwa mbele yake, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa, akaunyooshea kidole ili nifanye kitu.

Nilimbeba nikatoka. Hakuna aliyenizuia.

Mume wangu hakupata usecrétaire. Alipelekwa Isangi, mbali chini ya mto, kuandika majina ya mitumbwi, na kwa muda mrefu kila aliporudi alikula chakula changu bila kuniambia asante. Karatasi ya matibabu hatukuiona kamwe. Aliyenifikisha kwa daktari alikuwa yule yule jirani: alifunga samaki wakubwa wa kukausha kwenye majani, akampa mlinzi wa hospitali, akampa muuguzi wa mlangoni, akanisukuma ndani kwa mgongo. Na alisimulia robine nzima kwamba yeye ndiye aliyenisaidia, mpaka nikatamani kumrudishia samaki wake. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tumeacha kugombana.

Daktari alikuwa kijana, amevaa koti lenye madoa, macho mekundu ya kutolala. Alimkalisha mwanangu kwenye paja langu. Akapiga chuma kidogo kilicholia karibu na sikio moja, akapiga karibu na lingine. Akachungulia kwa taa. Akagonga meza nyuma yake. Alifanya yote haraka, na alipomaliza alikaa chini akaandika bila kuniangalia.

"Hasikii. Nafikiri amezaliwa vile. Hapa hatuna kitu cha kumufanyia masikio."

Nilijua, lakini nilimfunika mtoto masikio kwa viganja, naye akacheka.

"Lakini kuna kazi ingine ulipaswa kufanya," akaendelea. "Mutoto kama huyu unamuongelesha na mikono, na sura, toka mudogo kabisa. Unamuonyesha kitu, unamupa alama yake. Kichwa yake iko muzuri, unaona mwenyewe. Miaka ya kwanza njo kichwa inashika. Sasa mwaka muzima umepita bure, na nusu ya ingine. Mama, ulikuwa wapi?"

Nilimrekebishia mwanangu shati. Akadhani ni ujinga, nadhani, kwa sababu sauti yake ilipanda. Alikuwa amechoka na wamama kama mimi, alisema hivyo hivyo. Wamama wa cité, ninyi wa mitaani, munafunga watoto mugongoni, munaenda ku soko, hamuangalie kitu. Munaleta mutoto wakati mambo imeisha kuharibika. Na kuna foyer. Kila Jumatano kuna masomo, wanawafundisha, wanawapima, hawawaombi kitu, na ninyi hamuende.

"Ungemupitisha pale hata siku moja," akasema, "wangeona."

Mwanangu alikuwa amemshika mkono wa koti, anavuta, anataka kile chuma kinachong'aa.

"Docteur," nikasema, "mi njo mama ya mutoto ya mfano."

Akainua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Mfano ya nini?"